Ala ya upanga

Ala (pia: uo) ni kifuko kigumu cha kuhifadhia bapa la upanga, sime, jambia au kisu. Hulinda makali yasibutuke na chuma kisishike kutu, humlinda mvaaji asijikate, na humwezesha kubeba silaha huku mikono yake ikiwa huru. Neno hilohilo lina maana nyingine pia, kama katika "ala za muziki". Kumwambia mtu arudishe upanga alani ni kumtaka aache mapigano.

Namna ya kuvaa ala ilitegemea hasa urefu wa bapa, na kama mpiganaji alikwenda kwa miguu au alipanda farasi. Mashujaa wa Ulaya wa Zama za Kati walivaa panga zao ndefu upande wa kushoto. Morani wa Kimasai huvaa sime yake fupi upande wa kulia.

Muundo

Ala nyingi duniani zimetengenezwa kwa njia inayofanana. Vibao viwili vyembamba huchongwa kufuata umbo la bapa, vikaunganishwa, kisha vikafunikwa kwa ngozi iliyoshonwa. Ngozi mbichi hujikaza inapokauka, hivyo huvibana vibao pamoja. Katika Ulaya baadhi ya ala ziliwekwa ndani manyoya ya kondoo, ambayo mafuta yake yalisaidia kuzuia kutu. Mdomo na ncha ya ala viliweza kuvishwa madini.

Kipimo ni jambo muhimu. Ala ikilegea, silaha huanguka mtu anapokimbia au kuinama. Ikibana kupita kiasi, haichomoki kwa haraka, na mpiganaji anaweza kuuawa kabla ya kuitoa.

Upande wa kuvaa

Mtu anayetumia mkono wa kulia huvaa upanga mrefu kushoto. Mkono hupita mbele ya mwili, hushika mpini na kuvuta kwa mbele na juu, hivyo bapa refu hupata nafasi ya kutoka lote. Bapa hilohilo likiwa kulia, mkono hauwezi kupanda juu vya kutosha kulimaliza alani.

Silaha fupi haina tatizo hilo. Ikivaliwa kulia hutoka kwa mvuto mmoja, na mkono haukatizi mbele ya ngao iliyoshikwa kwa kushoto. Askari wa kawaida wa Roma ya Kale walivaa upanga wao mfupi kulia kwa namna hiyo. Baadaye, walipohamia kwenye upanga mrefu zaidi, ulivaliwa kushoto.

Ulaya katika Zama za Kati

Mwanzoni mwa Zama za Kati ala ilining'inizwa kwa mkanda wa kiunoni au kwa ukanda uliopita begani. Mapambo ya dhahabu na vito ya upanga na mkanda wake yalipatikana mwaka 1939 katika kaburi la Sutton Hoo, Uingereza, la karne ya 7. Katika zulia la Bayeux, lililotariziwa karne ya 11 kuonyesha uvamizi wa Uingereza wa mwaka 1066, baadhi ya wapiganaji wamevaa ala chini ya vazi la pete za chuma, na mpini pekee umetokeza nje.

Katika karne ya 12 na ya 13 mkanda wenyewe ulifungwa kwenye ala bila pete za chuma. Ncha za mkanda zilipasuliwa kuwa kamba nyembamba zilizosukwa kuizunguka ala katika sehemu mbili, moja karibu na mdomo na nyingine chini kidogo. Kwa kuwa sehemu hizo hazikuwa sawa kwa kimo, upanga ulilala kwa mshazari, ncha ikielekea nyuma. Hivyo haukugonga miguu ya mtembeaji, na mpandafarasi aliweza kukaa vizuri. Sanamu ya Ekkehard katika kanisa kuu la Naumburg, Ujerumani, ya karne ya 13, inaonyesha mkanda wa aina hiyo umezungushwa kwenye ala.

Katika karne ya 14 mafundi walizidi kutumia vipande vya madini vyenye pete, ambavyo viliwezesha mkanda kufungwa na kufunguliwa kwa urahisi.

Omani na Pwani ya Waswahili

Upanga wa Kiomani uliojulikana pia Zanzibar ni mrefu, takriban mita moja, na una mpini wa mviringo usio na kikingio cha mkono. Ala yake ya mbao na ngozi hubebwa kwa ukanda unaopita begani. Jambia, kwa kuwa ni fupi, huchomekwa kwenye mshipi mbele ya tumbo. Ala yake iliyopinda na mshipi wake vimo katika nembo ya taifa ya Omani.

Sime ya Wamasai

Sime, ambayo Wamasai huiita alem, ina makali pande mbili. Kwa kawaida huwa na urefu wa sm 50 hadi 70. Bapa ni jembamba karibu na mpini na hupanuka kuelekea ncha, hivyo mdomo wa ala hauna budi kupitisha sehemu pana kuliko ile inayobaki mdomoni. Ala ni ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi, mara nyingi yenye rangi nyekundu, na ina kitanzi cha ngozi kinachopitishwa mshipi. Mshipi ukikazwa, ala hushikamana na nyonga wala haichezi sana mtu anapokimbia.

Mkoa wa Mara

Musoma, Bunda na Butiama ziko magharibi ya tambarare za Serengeti, ambazo jina lake limetokana na Kimasai. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wenyeji wa eneo hilo walikabiliwa na uvamizi wa Wamasai waliotafuta ng'ombe, na mpangilio wa marika ya vijana ulikuwa muhimu katika ulinzi wa mifugo.

Silaha kuu za wawindaji na walinzi wa magharibi ya Serengeti zilikuwa upinde na mishale, mara nyingi yenye sumu. Mishale ilihitaji podo, ambalo ni kama ala yake: chombo kigumu chenye ukanda, kinachobebwa karibu na mwili ili mikono ibaki huru. Kwa mishale ya sumu podo lilikuwa na kazi ya ziada, kumkinga mbebaji mwenyewe.

Umuhimu kwa historia

Mbao na ngozi huoza ardhini. Ndiyo sababu wanaakiolojia hupata mara nyingi bapa na vipande vya madini tu, na hutegemea sanamu na michoro kujua jinsi ala zilivyofungwa. Katika Afrika Mashariki ala za sime bado zinashonwa na kuvaliwa. Kwa hiyo uhusiano kati ya bapa, ngozi, mshipi na mwendo wa mvaaji, ambao kwingine umepotea pamoja na wavaaji wake, bado unaweza kuonekana kwa macho.