Kabla ya Kuzivaa Kucha za Saluni, Uliza Namna ya Kuzivua

Kila ufikapo mwisho wa mwezi, mishahara ikiisha kulipwa, saluni za katikati ya jiji la Kampala hujaa wateja. Katika maghorofa ya maduka ya barabara ya Wilson, katika vichochoro vya Kikuubo, na kandokando ya soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, wanawake huketi wakiwa wamenyosha mikono, na vijana, wengi wao wanaume, huinama juu ya vidole hivyo kwa tupa, brashi na vichupa vya rangi. Baadhi ya vijana hao hawana hata kiti. Hutembea na vikapu vyao, wakapaka kucha pale pale alipo mteja, awe muuza ndizi sokoni au karani ofisini.

Miongoni mwa wateja hao wamo askari wa kike wa jeshi na wa polisi waliovua sare kwa siku ya mapumziko, na wamo wake na mabinti wa askari kutoka Naguru, Nsambya na Mbuya. Kwa hiyo asije ndugu askari wa kiume akaupita ukurasa huu akidhani kwamba jambo hili halimhusu. Fedha itokayo ni ya nyumba yake, na mkono udhurikao ni wa mkewe, wa bintiye, au wa mwenzake wa zamu.

Nia yetu si kumkataza mtu pambo. Nia yetu ni kumsaidia kuchagua, kwa kuwa siku hizi aina za kucha za saluni zimekuwa nyingi, na zote huitwa nzuri na yule azichukuliaye fedha. Kila kamanda mwema huwafundisha vijana wake kwamba haifai kuingia mahali pasipo kwanza kuijua njia ya kutokea. Kanuni hiyo ya vitani ndiyo kanuni bora ya kuchagulia kucha. Wengi huuliza bei, rangi, na siku zitakazodumu. Ni wachache waulizao zitaondolewaje. Ilhali madhara mengi hayatokei siku ya kuziweka, bali siku ya kuziondoa.

Yafaa kwanza tuufahamu ukucha wenyewe. Ukucha ni tabaka nyembamba za keratini, kitu kile kile kilichomo katika nywele za binadamu na kwato za ng'ombe. Sehemu tuionayo haina uhai, ndiyo maana hukatwa bila maumivu. Lakini chini yake pana nyama laini iliyojaa mishipa ya fahamu. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ukung'oka wote huchukua miezi kama 6 kurudi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huweza kuchukua mwaka 1 na nusu. Atakayeharibu ukucha kwa dakika 5 ataungojea nusu mwaka.

Sasa tuzitazame aina zenyewe, moja baada ya nyingine, na kila moja tuiulize njia yake ya kutokea.

Ya kwanza ni rangi ya kawaida, ambayo watu wengi huiita Cutex. Hukauka kwa hewa tu, hudumu siku chache, na hutoka kwa kufutwa kwa pamba iliyotiwa dawa ya kuondolea rangi. Hii ndiyo yenye njia fupi kuliko zote.

Ya pili ni kucha za kubandika, zilizokwisha kutengenezwa kiwandani. Hushikizwa kwa vibandiko vyenye ulimbo au kwa gundi. Zile za vibandiko hutoka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mafuta kidogo, mradi mtu asizibandue kwa nguvu. Za gundi huhitaji subira zaidi. Tena gundi hiyo ina hatari yake: ikimwagikia pamba au nguo ya pamba huweza kupata moto mkali na kuichoma ngozi. Hata hivyo, kwa mtu mwenye arusi siku ya Jumamosi na zamu siku ya Jumatatu, kucha za vibandiko zafaa kuliko nyingi nyingine.

Ya tatu ni jeli. Hii hupakwa kama rangi, lakini haikauki kwa hewa. Hugandishwa kwa taa yenye mionzi ya aina ya urujuanimno. Hudumu wiki 2 au 3. Jeli laini huondolewa kwa kupunguzwa juu kwa tupa, kisha kufunikwa kwa pamba iliyoloweshwa asetoni kwa dakika 10 hadi 15, halafu kusukumwa polepole kwa kijiti. Jeli ngumu haiyeyuki kwa asetoni. Dawa yake ni tupa tu. Ndiyo sababu mteja hana budi kuuliza ni jeli ipi. Nayo asetoni hushika moto upesi mno, basi isitumiwe karibu na sigiri yenye makaa wala karibu na mtu avutaye sigara.

Ya nne ni poda ya kuchovya. Ukucha hupakwa gundi, ukachovywa katika poda, na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa. Haihitaji taa, nayo hutoka kwa asetoni. Kasoro yake ni kwamba kopo moja huweza kuchovywa vidole vya watu wengi. Fundi mwangalifu humnyunyizia mteja poda juu ya kidole, asimchovye ndani ya kopo.

Ya tano ni akriliki, ambayo ni ngumu na ndefu kuliko nyingine. Fundi huchanganya maji ya kemikali na unga, akaufinyanga mchanganyiko huo juu ya ukucha hata ukakauka. Kila baada ya wiki 2 au 3 hujazwa tena pale ukucha wa asili unapokua. Akriliki nzuri huyeyuka katika asetoni, ingawa kwa muda mrefu zaidi kuliko jeli laini.

Lakini akriliki si moja. Maji yale huweza kuwa ya ethili methakrilati, yanayokubalika kwa kazi hii, au ya methili methakrilati, yaliyo rahisi kwa bei. Majina yanakaribiana, lakini mambo hayalingani. Methili methakrilati ni kitu cha kufanyia meno ya bandia na saruji ya kushikizia mifupa katika upasuaji. Juu ya ukucha hugandamana kwa nguvu kupita kiasi, wala haiyeyuki kwa urahisi. Mwaka 1974 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichukua hatua za kisheria dhidi ya bidhaa za kucha zilizotengenezwa kwa kemikali hiyo tupu, baada ya kupokea malalamiko ya watu walioumia kucha na ngozi.

Maana ya jambo hilo tuliielewa vema zaidi tulipozungumza na askari polisi mmoja wa kike, ambaye jina lake tunalihifadhi. Aliwekewa kucha za bei nafuu kwa ajili ya kwanjula ya dada yake. Sherehe ilikwisha salama, na kucha hazikutetereka. Wiki iliyofuata alifunga mlango wa gari la doria, na ukucha wa kidole cha shahada ukanasa. Ukucha wa bandia haukuvunjika. Ulibaki mzima, ukang'oka pamoja na ukucha wake wa asili. Kidole hicho ndicho cha kufyatulia bunduki, na kwa muda mrefu alipangiwa kazi ya mezani. Alituambia kwamba alipokuwa akinunua alisifiwa uimara wa kucha zile, na kweli zilikuwa imara. Uimara wenyewe ndio uliomdhuru.

Dalili za kemikali hiyo si ngumu kuzitambua. Harufu yake ni kali, isiyo ya kawaida. Ukucha uliokauka huwa mgumu mno hata kwa tupa. Nao ukilowekwa katika asetoni hukaa muda mrefu bila kulainika. Bei ikiwa chini mno kuliko ya majirani wote, mteja na aulize sababu. Fundi asiyekubali kuonyesha chupa na maandishi yake, basi na abaki na kucha zake.

Liko na jambo la ngozi. Kemikali za jeli na akriliki zisizoganda barabara, zikigusa ngozi mara kwa mara, huweza kuufanya mwili uzikatae: vidole huwasha, hupasuka, na hata kope za macho huvimba kwa kuguswa. Hali hiyo ikishaanza huweza kudumu maisha yote, na kwa kuwa kemikali za jamii hiyo hutumika pia katika kuziba meno, mgonjwa huweza kupata taabu hata kwa daktari wa meno. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua mwaka 2020 kwamba bidhaa za kucha zenye kemikali ya HEMA zitumiwe na mafundi wa kazi hiyo peke yao. Tena tangu tarehe 1 Septemba 2025 zimepiga marufuku TPO, ambayo huisaidia jeli kuganda chini ya taa. Majina hayo mawili ni mafupi. Mnunuzi aweza kuyatafuta kwenye chupa.

Wala usafi usisahauliwe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tupa au mkasi uliomkwaruza mtu mmoja huweza kumfikia wa pili. Aliye na uwezo na anunue tupa na mkasi wake mwenyewe, akavichukua kila aendapo saluni.

Tukirudi katika utumishi, kila askari anazijua amri za kikosi chake, nazo ndizo za kufuatwa kwanza. Hata mahali zilikolegezwa, mipaka haikuondolewa. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilibadili kanuni zake mwaka 2021 na kuwapa askari wa kike ruhusa pana zaidi ya rangi, lakini lilitaka kucha zisipite ncha ya kidole kwa zaidi ya milimita 6 hivi, wala zisichongwe kama ncha ya mkuki. Wauguzi wetu wa kijeshi nao wakumbuke kwamba mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia kabisa. Na mgonjwa mwenye rangi nzito huweza kupotosha kile kifaa kibanwacho kidoleni kupima oksijeni ya damu. Kwa hiyo aendaye kupasuliwa na aache kucha zake wazi.

Liko pambo moja la zamani ambalo halina taabu ya kutoka. Ni hina, waipakayo wanawake wa Mombasa, Lamu na Unguja, na ambayo hata Wanubi wa Bombo wanaijua tangu vizazi vya nyuma. Hina halisi huuingia ukucha kama rangi, ikakua nao, ikaisha nao. Lakini tahadhari na ile nyeusi iliyochanganywa dawa ya kutia nywele rangi, kwani huchoma ngozi.

Basi ndugu zetu, kabla ya kuketi kwenye kiti cha saluni yafaa kuuliza maswali matatu: ndani ya chupa mna nini, vyombo vimesafishwaje, na siku ya kuondoa tutaondoaje? Fundi anayeijua kazi yake atajibu bila kukasirika. Na siku ya kuondoa ikifika, mtu asibandue kwa meno wala kwa kisu ili kuokoa shilingi chache. Na arudi kwa fundi, au aketi na asetoni yake kwa subira. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.