Yafuate Maji Kutoka Juu

Kijijini Digodigo, wilayani Ngorongoro, watu walijua kuyaongoza maji kabla bomba la kwanza halijafika. Wabatemi, ambao wengi tumezoea kuwaita Wasonjo, huyatoa maji kwenye chemchemi na mito ya chini ya milima na kuyapeleka mashambani kwa mifereji, kwa zamu. Mtafiti Robert Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Wasonjo, alieleza jinsi baraza la wazee wa kijiji, waitwao wenamiji, lilivyosimamia maji hayo. Kwenye mfereji kuna kanuni moja ambayo fundi bomba yeyote angeikubali: maji yakipungua shambani, huanzi kuchimba shambani. Unapanda na mfereji mpaka ukute yanapopotelea.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Wengi wetu bafu likitoa maji kidogo tunakimbilia kununua bafu jipya, kumbe tatizo liko kwenye tangi au kwenye koki iliyofungwa nusu. Kwa hiyo anza juu: je, maji yameingia kwenye tangi? Koki ya kutokea tangini imefunguka yote? Bomba lina mkunjo? Mwisho ndipo ufike kwenye koki ya jikoni au bafuni.

Tuanze na nguvu ya maji, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Maji ya mserereko husukumwa na kimo peke yake. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa karibu baa 1. Ukiweka tangi kwenye mnara wa mita 3 na bafu lako liko mita 2 kutoka ardhini, maji yanasukumwa na mita 1 tu, pamoja na kina cha maji yaliyomo tangini. Hapo hakuna kilichoziba. Mnara ni mfupi. Ndiyo maana pia hita ya umeme ya bafuni huweza kukataa kuwaka: ndani yake kuna swichi inayosukumwa na maji, na maji yakikosa nguvu, swichi haijibu.

Baada ya mgao, bomba huweza kukohoa, likatema hewa na maji kwa kupokezana. Katika nchi ya milima, hewa hukusanyika pale bomba linapopanda mgongo kisha kushuka. Fungua koki kuu kidogo tu, ufungue na koki iliyo juu kuliko zote nyumbani, uache hewa itoke mpaka maji yatiririke bila kukatika. Ukifungua kwa pupa, maji yanayokuja kwa kasi hugonga viungio na kuvilegeza.

Sasa tufike kwenye koki inayodondoka. Funga koki kuu, kisha fungua koki hiyo umalize maji yaliyobaki. Legeza kichwa chake kwa spana, ukitanguliza kitambaa ili usikikwaruze. Chini yake utakuta wosha, kiduara cha mpira. Kigeuze ukitazame. Kama kina alama ya duara iliyozama, kimechoka. Mpira umekuwa mgumu na haukai tena sawasawa juu ya kiti chake. Pitisha kidole kwenye kiti hicho pia, kwa sababu chembe moja ya mchanga inatosha kuleta uvujaji. Safisha, weka wosha mpya wa ukubwa uleule, rudisha. Mahali penye nyuzi, zungusha tepu nyeupe ya mabomba kufuata upande wa kukazia, isije ikafumuka unapokaza. Na usikaze kwa hasira: koki inayofungwa kwa nguvu za mikono miwili inamaliza wosha wake mapema.

Ukidhani tone ni kitu kidogo, tega kikombe cha robo lita. Kikijaa kwa dakika 15, unapoteza lita 1 kwa saa, yaani lita 24 kwa siku. Hiyo ni ndoo nzima na zaidi. Choo cha kuvuta huvuja kwa siri zaidi: tia bluu ya kufulia kwenye tangi lake, usivute kwa nusu saa. Bluu ikionekana bakulini, mpira wa chini haufungi. Maji yakimwagikia kwenye bomba la ziada, boya limekaa juu mno, lishushe.

Kuhusu maji ya moto naomba usome kwa utulivu. Baridi ya nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, hasa Juni na Julai, imezifanya nyumba nyingi zitumie boila la kuni. Maji yakipashwa yanatanuka: pipa la lita 200, likitoka kwenye baridi ya asubuhi hadi nyuzi 90, linahitaji nafasi ya karibu lita 7 zaidi. Yakifika kugeuka mvuke, yanataka nafasi zaidi ya mara elfu moja. Pipa lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka na kuua. Bomba la kupumulia lazima lipande juu kuliko tangi linalolilisha na mdomo wake ubaki wazi daima. Usiweke koki juu yake, wala usiliwashie moto boila kabla hujahakikisha lina maji. Chokaa nyeupe kwenye vitundu vya bafu hutoka ukiviloweka kwenye siki usiku kucha. Na ukichemsha maji ya kunywa, usidhani kuchemsha kunaondoa kila kitu: kunaua vijidudu, ila floridi inayopatikana katika maji mengi ya mkoa wa Arusha haitoki kwa moto.

Mipaka nayo ipo. Kila kilicho kabla ya mita ni mali ya chombo kinachotoa huduma ya maji. Ukiona bomba kuu limepasuka, toa taarifa. Hita ya umeme ikikupiga shoti hata kidogo, zima swichi kuu, umwite fundi umeme. Hapo hapana kujaribu.

Wenye mifereji hawangoji mfereji ubomoke ndipo wausafishe. Nawe osha tangi kabla mvua hazijaleta tope, na kila mwezi funga na ufungue koki kuu ili isigande. Leo, kabla jua halijazama, nenda ukaitafute koki hiyo, uifunge, uone kama maji yanakatika kweli. Kisha umwonyeshe kila mtu wa nyumbani mahali ilipo, watoto nao wakiwemo.