Trashers: Timu ya hoki iliyozaliwa jaani
MWAKA wa 2004, James Galante, tajiri wa biashara ya kuzoa taka, alianzisha timu ya hoki ya barafuni mjini Danbury, Connecticut, Marekani, akamkabidhi mwanawe wa miaka 17 usukani. Hata jina, Trashers, lilitokana na taka hizo. Mashabiki waliishangilia kwa masumbwi, si mabao tu, na mwaka wa 2006 ilifika fainali, ikalazwa na Kalamazoo Wings.

Ligi yao ndogo, UHL, iliweka kikomo cha mishahara ili wenye pesa wasiwameze wanyonge. Galante alikikwepa kwa kuwasajili wachezaji kama wafanyakazi hewa katika kampuni zake. Wiki chache baada ya fainali alishtakiwa, timu ikavunjwa. Alikiri makosa 2008, akahukumiwa kifungo cha miezi 87.