Utangulizi: Kutoka Fyekeo hadi Mboji

Anayeishi pwani yetu, iwe Dar es Salaam au Mombasa, ameliona jambo hili hadi halimshangazi tena. Asubuhi watunza bustani wanafyeka ukoka, wanapogoa michongoma na kukusanya majani ya miembe na mikungu. Mchana majani yanashindiliwa kwenye viroba, yanapakiwa kwenye guta na kupelekwa jalalani, au yanachomwa moto kandoni mwa ukuta na moshi ukaingia kwa majirani. Wiki chache baadaye mwenye nyumba yuleyule analalamika kuwa maua yake yamedumaa, na kirikuu kinamletea udongo mweusi wa kununua. Amelipa majani yatoke, kisha amelipa mboji iingie. Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wale wanaosimama katikati ya malipo hayo mawili: vikundi na watoa huduma wadogo wa bustani, pamoja na mwanafunzi yeyote anayetaka kujua majani hugeukaje kuwa udongo.

Karibu sana katika elimu hii. Maabara yake ya kwanza ni uani, na vifaa vyake ni reki, uma wa shambani, ndoo na kipande cha nondo.

Majani hayageuki mboji kwa kutelekezwa tu. Wanaoyageuza ni viumbe hai, wengi wao hawaonekani kwa macho, na kwa sababu hiyo mtengeneza mboji ni mfugaji. Mifugo yake ni bakteria na kuvu, nao wanadai yale yanayodaiwa na mifugo yoyote: chakula, maji na hewa. Chakula chao kina sehemu mbili. Majani makavu na vijiti huwapa kaboni. Nyasi mbichi, maganda ya jikoni na samadi huwapa nitrojeni. Uwiano unaowafaa ni karibu sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Usihangaike na hesabu hiyo mwanzoni: ndoo mbili au tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya nyasi mbichi zinatosha kuanzia. Nyasi zikirundikwa peke yake hushikamana, hukosa hewa na kunuka. Majani makavu yakiachwa peke yake yanaweza kukaa miezi na miezi bila kubadilika.

Hapa ndipo kalenda yetu inapoingia, na naomba msomaji atulie nami kidogo. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa nchi za baridi, ambako miti mingi hupukutisha majani kwa msimu mmoja kabla ya baridi kuingia. Kwetu mambo ni tofauti. Masika huleta nyasi mbichi kwa wingi kuliko mtu anavyoweza kuzibeba, ilhali kiangazi ndicho kinachojaza uwanja majani makavu, yale mapana na mekundu ya mkungu yakiwa mbele. Kwa hiyo kinachopatikana na kinachohitajika mara nyingi havikutani. Kikundi kinachoelewa kazi yake huweka akiba ya majani makavu wakati wa kiangazi, mahali pasiponyeshewa na mvua, ili masika ikifika kiwe na cha kuchanganya na nyasi. Kwa maoni yangu, akiba hiyo ina faida kuliko mashine yoyote ya kununua.

Sasa tazama biwi lililojengwa vizuri, lenye upana, urefu na kimo cha mita 1 hivi. Siku ya tatu au ya nne chomeka nondo hadi katikati, iache dakika chache, kisha ichomoe: hutaishika kwa raha. Joto ndani limefika nyuzi 55 hadi 65. Fukua kidogo, mvuke utoke, na utaona majani yamepata utando mweupe wa kijivujivu. Wengi hudhani ni majivu, au kwamba biwi limeharibika. Sivyo. Hao ni aktinomaiseti, bakteria walio jamaa na wale wanaoupa udongo harufu yake mvua ya kwanza inapoanguka. Joto likikaa juu ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa, huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Lakini kingo za biwi hazifikii joto hilo, na ndiyo maana biwi hugeuzwa, la nje liingie ndani. Asiyegeuza atairudisha ndago bustanini kwa mikono yake mwenyewe. Vipande vya minyaa navyo vinaweza kuchipua upya, na utomvu wake ni hatari kwa macho. Viwekwe mbali na biwi.

Maji hupimwa kwa mkono. Kamua konzi moja ya majani ya biwi: yakitoka matone mawili matatu, inatosha, yakitiririka, ongeza majani makavu, kiganja kikibaki kikavu, leta ndoo ya maji.

Elimu hii ina wakongwe wake, na si wote waliovaa makoti ya maabara. Wamatengo wa Mbinga, katika milima ya kusini mwa Tanzania, hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatizana hadi zifanye miraba, kisha huzifunika kwa udongo uliochimbwa katikati ya kila mraba. Nyasi huoza chini ya matuta na kulisha mazao, na mashimo huzuia maji ya mvua yasikokote udongo wa mlimani. Kilimo hicho cha ngolo kilikuwapo kabla Mwingereza Albert Howard hajaanza kazi yake Indore, India, mwaka 1924. Howard aliwachukua wakulima wa India kuwa walimu wake, akapanga tabaka za mabaki ya mimea na samadi kwa utaratibu uliotoa mboji kwa takriban miezi mitatu, akauchapisha mwaka 1931.

Karibu nasi zaidi ni Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe. Mivinje ilishika, lakini majani yake yalianguka na kulala palepale bila kuoza. Haller aliona jongoo wakiyala, akawaongeza. Kinyesi chao kiliwarahisishia bakteria kazi, na udongo ukaanza kujijenga juu ya jiwe. Nalitaja hilo kila ninapofundisha, maana linamwonyesha mwanafunzi kwamba jani gumu linahitaji kumpata mlaji wake.

Kwa nini basi jukumu la kugeuza majani kuwa mboji nalikabidhi kwa watoa huduma wa bustani, na si kwa halmashauri peke yake? Kwa sababu wao wanajua jani limetoka wapi na kama limepuliziwa dawa. Kiroba kimoja chenye vipande vya chupa na mifuko ya plastiki huharibu kazi ya miezi, na hakuna chekeche linalorudisha usafi uliopotea tangu getini. Kenya imeweka takwa la kutenganisha taka zinazooza na zisizooza katika sheria yake ya mwaka 2022. Jani likizikwa katikati ya dampo kama Dandora, linalopokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Nao mchanga wetu wa pwani, usioshika maji wala rutuba, unabaki na njaa. Katika joto letu hata mboji iliyokwisha kutiwa humalizika upesi, hivyo kuirudisha ni kazi ya kila msimu.

Sura mbili za kwanza zinaeleza viumbe na chakula chao. Ya tatu inahusu majani yenye ukaidi: mkaratusi, mvinje, makuti. Ya nne inakokotoa gharama za kikundi kinachohudumia nyumba kadhaa kwa eneo moja la mabiwi, na ya tano inafundisha kupima kama mboji imeiva kwa kuotesha mchicha ndani yake. Mwenye majani yaliyokusanywa leo aanze na sura ya pili. Ya kwanza ataisoma jioni, biwi likipata moto.