Behewa Likiserereka, Mtaji Uko Hatarini

NGARA na Biharamulo hazina stesheni ya reli. Hata hivyo, mfanyabiashara anayesafirisha mzigo kutoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati hadi Isaka hutegemea mabehewa kabla malori hayajaupakia na kupita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Benaco na Rusumo. Usalama wa behewa, basi, unahusu mtaji wake.

Tanzania inaijua hatari hiyo. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kupanda mlima eneo la Igandu, mkoani Dodoma. Iliserereka kinyumenyume, ikashika kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha.

Katika treni zenye breki za upepo, tatizo huanza mapema. Treni ikisimama muda mrefu na injini kuzimwa, upepo huvuja kidogo kidogo, na breki hulegea. Hapo kinachozuia behewa ni breki za mkono na kabari zilizowekwa kwenye magurudumu. Ndivyo ilivyotokea Lac-Mégantic, Kanada, Julai 6, 2013: treni ya mafuta iliachwa kwenye mteremko, breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, ikaserereka hadi mjini na kuua watu 47.

Mwenye mzigo haendeshi treni, lakini anayo nafasi yake. Makuli wake wasianze kupakia wala kupakua kabla mtumishi wa reli hajathibitisha kwamba breki za mkono zimefungwa na kabari zimewekwa. Wasisukume behewa kwa mikono ili kulisogeza ghalani, wala wasiondoe kabari kwa haraka ya kumaliza kazi. Uzito wa mzigo uandikwe kama ulivyo, kwa sababu dereva hukadiria breki kwa uzito alioelezwa. Mfanyabiashara anayeficha tani chache ili kupunguza nauli anahatarisha treni nzima.

Pia asome vizuri bima yake. Ipo inayolinda mzigo barabarani tu, kuanzia Isaka. Anayepanga bei ya saruji au mabati atakayouza Ngara ahesabu bima ya safari yote, tangu Dar es Salaam hadi dukani. Gharama hiyo ni afadhali kuliko kupoteza behewa zima.