Nyumba si matofali

Rafiki yangu alijifunza kutembea kama modo katikati ya mistari ya chai. Jioni, wachumaji wakishapima majani na kwenda zao, alikuwa anajifunga leso ya mamake kiunoni na kukata kona pale shambani, Kericho, kana kwamba taji liko mwisho wa mstari. Mimi nilikuwa jaji, shabiki na mlinzi. Nikipiga mluzi tu, leso inaingia kwa begi.

Siku hizi anaishi Nairobi. Jina silitaji, na sababu unaijua. Kifungu cha 162 bado kinatishia miaka 14 jela. Januari 2023, mwili wa mwanamitindo Edwin Chiloba ulipatikana ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret. Muuaji wake alifungwa miaka 50.

Kilichomshika rafiki yangu ni bolrumu. Ilikulia Harlem, New York, kati ya mashoga na watrans weusi na Walatino, wengi wao wamefukuzwa kwao. Crystal LaBeija, aliyechoka kuona mataji yakienda kwa wazungu, alianzisha House of LaBeija. Kila nyumba ina mama: anakulisha, anakufundisha mwendo, anauliza jana ulilala wapi. Usiku mnashindana kwa mavazi, kwa kutembea, kwa ngoma ya vogue iliyochukua jina la jarida. Ukishinda, nyumba nzima imeshinda.

Nilimsimulia kogo wangu, Bomet, hiyo sehemu ya nyumba na mama tu. Hakushangaa. Akanikumbusha ndoa ya toloch: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa kama hiyo ya Wanandi katika kesi ya urithi.

Wazee watakwambia toloch si mambo ya mapenzi, na mimi siwezi kuilazimisha mila iseme isichosema. Lakini hili inalisema: nyumba hutengenezwa na watu waliokubaliana isizimike.

Krismasi iliyopita rafiki yangu hakuja. Mamake alinikuta dukani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anakula vizuri. Nikamwambia kuna mama fulani huko Nairobi anamwangalia.

Alinyamaza kidogo. Kisha akanunua pakiti ya majani chai, akanipa.

“Mpelekee huyo mama mwenzangu.”