Maradhi ya Ini (3): Kuchukua Kipande cha Ini kwa Kupitia Shingoni

Kwa kawaida kipande cha ini huchukuliwa kwa sindano inayochomwa kati ya mbavu za kulia. Njia hiyo haimfai kila mgonjwa. Ini lililochakaa hushindwa kutengeneza protini za kugandisha damu, na tumbo nalo hujaa maji. Ganda la ini la mtu wa namna hiyo likitobolewa, damu inaweza kuvuja tumboni bila kizuizi. Hapo ndipo sindano huzungushwa kwa kupitia shingoni, mbinu ambayo Charles Dotter wa Marekani aliieleza mwaka 1964 ikiwa bado jaribio tu.

Mgonjwa hulala chali, uso ukigeuzwa kushoto. Ganzi ikishakolea, daktari huongozwa na ultrasaundi kuchoma vena kubwa ya shingo upande wa kulia, ambayo huteremka karibu moja kwa moja hadi moyoni. Mrija hupita humo, hukatiza chumba cha juu cha moyo na kuingia katika vena ya ini, aghalabu ile ya kulia, huku eksirei ikionyesha kila hatua. Moyo ukiguswa huweza kurukaruka kidogo, hivyo mapigo hufuatiliwa kwenye skrini. Kutoka vena ya kulia, sindano huelekezwa mbele, penye nyama nene; ikielekezwa kwingine huenda ikatoboa ganda lilelile linaloepukwa. Mgonjwa huzuia pumzi, sindano hufyatuliwa, na kipande chembamba kama uzi hutiwa kwenye fomalini. Huchukuliwa vitatu au zaidi, maana hukatika ovyo. Damu ya jeraha hurudi ndani ya vena ileile, na huo ndio ujanja wote wa njia hii.

Kabla ya kukata nyama, mrija huohuo hupima shinikizo. Puto dogo huziba vena, kisha hulegezwa. Tofauti ya vipimo viwili kwa mtu mwenye afya ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Ikifika 10, mishipa ya umio huelekea kutanuka. Kuanzia 12 huweza kupasuka.

Kipimo hicho hakinasi kila kitu. Kichocho cha matumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, huziba vijishipa kabla damu haijaingia ndani kabisa ya ini. Mgonjwa wake anaweza kutapika damu ilhali tofauti ni ya kawaida. Kwake yeye, ultrasaundi ya tumbo inayoonyesha makovu kuzunguka matawi ya mshipa mkuu wa ini hueleza mengi zaidi.